Samaki Atiwe Chumvi

Kuna watu ambao Mwenyezi Mungu, kwa hekima aijuayo Mwenyewe, amewaumba bila kuwatilia breki, na fundi huyu wa lifti alikuwa mmoja wao. Marehemu mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakutambaa wala hakusimama dede. Aliamka siku moja akatembea, na tangu hapo haikupatikana kamba ya kumfunga. Shuleni aliitwa kiguu na njia. Kazini, katika majengo marefu ambayo lifti zake zilikuwa chini ya mkono wake, wenzake walimbandika jina la Hatulii, na jina likamganda hata wakubwa wakimtafuta huuliza, "Hatulii yuko wapi?" na jibu likawa lile lile kila siku: "Alikuwa hapa sasa hivi."

Hata alipoketi hakuketi. Goti lake la kulia lilicheza chini ya meza kana kwamba lina shughuli zake lenyewe, na vikombe vikagongana na visahani mpaka mkewe, ambaye ni mkunga na amezoea kuwatuliza walio katika uchungu, aweke kiganja juu ya goti hilo. Hapo likatulia. Kiganja kikiondoka, likaanza tena. Katika sala alijitahidi sana, lakini kiongozi akirefusha kisomo, vidole vyake vya miguu vilikuwa vikikuna mkeka, naye baada ya salamu ya mwisho alikuwa mwepesi wa kuomba msamaha kuliko wote, kwa kuwa aliyajua ya kwake.

Samaki ndiye aliyemweza.

Siku moja aliitwa kutengeneza lifti katika jengo ambalo kampuni fulani ilikuwa ikihama. Ukumbini kulikuwa na tangi la kioo lililosahauliwa, maji yake yamegeuka rangi ya chai, na nyuma ya jiwe amejibana samaki mdogo mweupe mwenye madoa meusi, kana kwamba mtu amemkung'utia wino. Mfagizi alikuwa ameshaleta mfuko wa plastiki.

"Unampeleka wapi huyo?" aliuliza fundi.

"Nyumbani."

"Kumfuga?"

"Nimfuge nini, bwana? Huyu ni chewa. Akikua ni kitoweo, asipokua ni cha paka."

Naye mfagizi hakukosea. Alikuwa chewa kweli, wa ukoo wa samaki wale wanene, wenye vinywa vipana, wanaolazwa sokoni juu ya barafu wakitazama dari. Ila aina hii ya madoa ina balaa ya kuwa nzuri pande mbili: akiwa mdogo watu humtaka machoni, akiwa mkubwa humtaka mdomoni. Fundi alimtazama, na samaki akamtazama fundi kwa jicho moja kutoka nyuma ya jiwe. Wakabadilishana palepale: mfagizi akachukua chakula cha mchana cha fundi, fundi akachukua samaki, na siku ile akashinda na njaa akipanda na kushuka ngazi.

Kumbe alikuwa amejitwika mzigo asioujua. Chewa wa madoa si samaki wa kuwekwa na kusahauliwa. Maji yake lazima yawe na chumvi kwa kiasi cha bahari, isizidi wala isipungue. Joto lisipande ghafla wala kushuka. Na uchafu ukizidi hata kidogo, hupauka rangi, hujibana pembeni na kugoma kula. Zaidi ya yote hapendi kushtuliwa. Mlango ukibamizwa, hujificha kutwa nzima. Kivuli kikipita upesi, hujificha. Sasa fikiria mwenyewe: samaki wa namna hiyo ameangukia mikononi mwa mtu wa namna hii.

Siku za mwanzo hakula chochote. Fundi alimletea kamba wadogo wabichi, akawadondosha majini, akachungulia upande huu, akazunguka akachungulia upande ule, akagonga kioo kwa ukucha, akaenda jikoni, akarudi. Samaki hakutoka nyuma ya jiwe.

"Huyo hana maradhi," alisema mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, bila kuinua kichwa. "Anakuogopa wewe."

"Mimi nimemfanya nini?"

"Hujamfanya kitu. Shida yako, mume wangu, ni kwamba huachi kufanya."

Maneno hayo yalimchoma. Akavuta kiti, akaketi, akalibana goti lake la kulia kwa mguu wa kushoto kama mtu anayemshika mwizi, akazamisha mkono majini huku kamba mmoja akiwa kati ya vidole viwili. Akangoja. Mkono ukamwuma, ukafa ganzi, akangoja. Hatimaye samaki akajitokeza, akipepea mapezi yake kama mtu anayepunga leso, akaja pole pole, akasimama mbele ya vidole akivipima, akachukua.

Siku ile mkewe aliacha kukunja nguo. Hakumwona samaki, maana alikuwa akilitazama goti.

Hivyo ndivyo mtu ambaye walimu, wakubwa wa kazi na mzazi wake mwenyewe walishindwa kumkalisha alivyokalishwa na kiumbe asiye na sauti. Jioni baada ya jioni alirudi kutoka kazini, akanawa, akaketi mbele ya kioo, na katika kuketi huko akajifunza hata kusikiliza. Mkewe akaanza kumsimulia mambo ya zamu yake ambayo zamani alikuwa akiusimulia mgongo wa mtu anayeondoka.

Kila wiki sehemu ya maji ya zamani ilinyonywa kwa mpira, na maji mapya, yaliyokorogwa chumvi yake maalumu tangu siku iliyotangulia na kupashwa joto ndani ya pipa la buluu, yakamiminwa taratibu. Wafugaji wanalo jina lao la kazi hiyo. Nyumbani mle iliitwa kwa ufupi: kumtia samaki chumvi. "Umeshamtia chumvi samaki?" "Leo zamu yako kumtia chumvi." Yalitamkwa miaka na miaka, na hayakumshangaza yeyote, kwa kuwa kila nyumba ina lugha yake ndogo, ambayo wenyewe husahau kuwa ni lugha mpaka mgeni aingie.

Samaki akakua. Akapita urefu wa kiganja, akaupita wa sahani, mpaka akawa kama mkono wa mtu mzima tangu kiwiko hadi ncha za vidole, akawa anageuka ndani ya tangi kama lori katika kichochoro. Wageni wakaanza mizaha. Shemeji mmoja alitoa ndimu mfukoni, akaiweka juu ya tangi bila kusema neno, akaketi kunywa chai. Fundi alicheka pamoja nao, kisha wakiondoka alikuwa akilifuta tangi pale ndimu ilipokaa.

Lakini kicheko hakikuwa jawabu. Samaki alikuwa akijigonga pua kwenye kioo, na mwenye kumpenda hakuweza kujifanya haoni. Nje kidogo ya mji palikuwa na chuo cha mambo ya uvuvi chenye bwawa kubwa la maji ya chumvi, na mtunza bwawa alikubali kumpokea. Siku ikapangwa. Mtunza bwawa akaagiza samaki asilishwe kwa siku mbili, na siku yenyewe mchana abadilishiwe maji, ili asafiri akiwa na nguvu. Asipobadilishiwa, alisema, huenda asifike. Fundi aliitikia kwa ulimi. Jioni hiyo vikombe vilianza tena kulia juu ya visahani. Hakutaka makubwa. Alitaka tu samaki aliyemfundisha kukaa aondoke nyumbani kwake akiwa hai.

Sasa, katika siku hizo nyumbani palikuwa na mgeni: mama mzazi wa mkewe, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, aliyelisha watoto wa watu maisha yake yote kwa masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake. Fundi alimheshimu mama mkwe huyo kupita kiasi. Tangu aoe hakupata kumwambia "fanya" wala "usifanye". Kila ombi lililotoka kwake kwenda kwa mama lilivishwa nguo juu ya nguo: kama hutaona taabu, ukipata nafasi, si lazima lakini. Naye mama, kwa upande wake, hakupata kumkatalia mkwewe jambo, hata alipopelekwa kutazama lifti mpya ikipanda na kushuka, akasimama kuitazama kwa heshima zote.

Jioni moja alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma, akimpima samaki kwa jicho la kazi.

"Baba, huyu kanona," alisema. "Siku mtakapomkaribisha mezani, msinisahau."

"Inshallah, mama," alijibu fundi. Adabu haikumwachia jibu jingine. Alilitoa neno lile kwa heshima, na mama akalipokea kuwa ahadi.

Ikafika siku yenyewe. Asubuhi fundi aliyanyonya maji ya zamani hadi nusu ya tangi, akaliacha pipa la buluu likipasha maji mapya, akaenda kazini akiwa amepanga kurudi saa saba kuyamimina mwenyewe, kwa kuwa jengo alilokuwa akilifanyia kazi siku hiyo halikuwa mbali. Mkewe alikuwa zamuni, na simu za wakunga hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Mwenzake wa kazi alikuwa likizoni. Adhuhuri ilipokaribia, lifti ya jengo lile ikagoma katikati ya ghorofa mbili ikiwa na watu ndani.

Fundi aliitazama saa, akalitazama shimo la lifti, akaitazama saa tena. Hakukuwa na njia. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Kwema huko?"

"Kwema, mama. Nimebanwa kidogo na kazi. Sijui kama sitakuwa ninakusumbua..."

"Sema, mwanangu."

"Alasiri kuna wageni, wanakuja kwa ajili ya samaki. Sasa, kama hutaona taabu, ikifika saa saba, samaki atiwe chumvi. Kila kitu kiko tayari, mama, pipa liko pale pembeni."



"Samaki huyu? Huyu wako wa kwenye kioo?"

"Huyo huyo. Si lazima lakini, mama, kama umechoka..."

"Nichoke nini? Niachie mimi, baba. Kazi hiyo ndiyo yangu. Na umeniheshimu sana."

Tazama jinsi adabu ilivyomponza. Hakusema "tia", kwa kuwa hiyo ni amri. Alisema "atiwe", kitenzi kilichofichwa mtendaji wake, kana kwamba chumvi ingejitia yenyewe. Alishangaa kidogo ni heshima gani iliyomo katika kumimina maji, lakini ngumi zilikuwa zikigonga mlango wa lifti, akakimbia.

Ndani ya lifti walikuwamo wawili: karani mmoja aliyekuwa akihema kwa nguvu, na mwanamke aliyekuwa akipelekea ofisi za juu mayai, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika ng'ambo ya barabara.

"Fundi! Uko hapo?"

"Nipo, mama. Tulieni, hakuna hatari. Lifti imejifunga tu."

"Sisi tumetulia. Mayai ndiyo yenye wasiwasi."

Fundi aliufungua kidogo mlango wa ghorofa ya juu yao, akalala kifudifudi, akaangaza tochi penye kufuli la mlango wa lifti. Kufuli lilikuwa limekaza. Alikuwa na desturi ya kuzungumza na waliokwama ili hofu isiwashike, lakini leo maneno yalimtoka yakiwa yamevunjikavunjika.

"Mbona sauti inakutetemeka?" aliuliza Mama Mayai. "Tuliofungiwa ni sisi, wewe uko nje."

"Nina samaki nyumbani."

"Hongera. Mimi nina mayai."

Karani akacheka kwa mara ya kwanza, na fundi, kwa kuona kicheko kimemsaidia mgonjwa wake, akaendelea. Akawaeleza juu ya chewa, juu ya bwawa, juu ya wageni wa alasiri, na jinsi alivyomwomba mama mkwe, mpishi mstaafu, kwamba ikifika saa saba samaki atiwe chumvi.

Mama Mayai akauliza taratibu, kama mtu anayemwuliza mtoto ameweka wapi kiberiti. "Ulimwambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mpishi. Samaki atiwe chumvi. Na wageni wanakuja alasiri kwa ajili ya samaki."

"Ndiyo."

"Fundi wangu, hapo umebakiza nini? Umebakiza kumwambia akate vitunguu."

Tochi ilimponyoka fundi, ikagonga paa la lifti. "Lakini sisi nyumbani tukisema kutia chumvi, maana yake..."

"Ninyi. Na yeye ni ninyi?"

Akanyanyuka. Akapiga simu nyumbani: haipatikani. Ndipo alipokumbuka kwamba mama mkwe kila akimaliza kuzungumza huizima simu yake, kama mtu anayezima taa akitoka chumbani, ili isiliwe chaji bure. Akapiga tena, kana kwamba simu iliyozimwa huona haya ikipigiwa mara nyingi. Akampigia mkewe, simu ikaita ndani ya kabati la chuma mahali fulani. Akampigia jirani, naye alikuwa safarini. Saa saba ilikuwa imeingia.

Miguu yake ilikuwa imeshageuka kuelekea ngazi. Sitaki kumsingizia ushujaa ambao hakuwa nao: alishuka ngazi za ghorofa nzima kabla ya kusimama. Kutoka kule juu alimsikia karani akisema kwa sauti ndogo, "Ameondoka?" na Mama Mayai akimjibu, "Haendi popote. Kaenda kuchukua chombo." Alisema hivyo ilhali aliusikia wazi mwendo wa mtu anayekimbia.

Fundi akapanda tena, akapita ghorofa ile, akaendelea hadi chumba cha mashine kilicho juu ya jengo, maneno "Ee Mola, Ee Mola" yakimtoka kwa kila ngazi.

Kushusha lifti kwa mkono ni kazi isiyokubali haraka. Mkono mmoja huishika breki, mwingine huliongoza gurudumu; breki ikiachiwa kwa pupa, lifti hushtuka na walio ndani hurushwa; ikiachiwa kwa woga, haisogei. Fundi akaishika breki. Jaribio la kwanza lifti iliruka, na kutoka shimoni ikapanda sauti: "Mayai!" Akairudisha breki, akafumba macho. Akauwaza mkono wake majini, kamba kati ya vidole viwili, na jicho lile nyuma ya jiwe ambalo halikutaka kuharakishwa. Akaiachia breki kama alivyokuwa akiusogeza mkono ule, unywele kwa unywele, na gurudumu likaanza kugeuka kwa upole ambao yeye mwenyewe hakuuamini, na lifti ikashuka hadi usawa wa ghorofa.

Mlango ulipofunguliwa, karani alitoka akiegemea ukuta. Mama Mayai alibaki amekumbatia trei zake, akamsukuma fundi kwa bega.

"Usinisaidie kubeba. Nenda! Na ukimkuta ameshaiva, usimlaumu mama wa watu."

Alikimbia. Watu wazima hawakimbii barabarani ila kwa mambo mawili, moto au msiba, na kila aliyemwona alimpisha kwa kudhani ni mojawapo. Alipofika kwenye ngazi za nyumba yake, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikamlaki. Akashika ukuta. Akapanda. Mlango ulikuwa wazi. Tangi lilikuwa na nusu ya maji, taa yake inawaka, pampu inachemsha mapovu, na nyuma ya jiwe hapakuwa na mtu.

Aliingia jikoni. Mama mkwe alikuwa amesimama katika vazi lake la kupikia, amefunga kitambaa kichwani kama siku za bweni. Juu ya ubao palikuwa na ndimu zilizokatwa, bakuli la chumvi na kisu kilichonolewa mpaka kinang'aa. Sakafuni kulikuwa na beseni kubwa la kufulia, limefunikwa kwa sinia.

"Shikamoo, mama," alisema fundi, kwa kuwa hata katika hali ile ulimi wake uliijua njia.

"Marahaba, baba. Afadhali umekuja, maana huyu samaki wako amenitia mashaka." Mama alifuta mikono kwenye aproni. "Mimi nimepika samaki tangu sijaolewa. Sijapata kuona samaki anayekuja mwenyewe mkononi mwa mpishi. Nimeingiza mkono tu, akaja, akasimama mbele ya vidole vyangu. Nikamwambia, wewe huna akili? Nikamtoa kwa taulo."

"Mama..."

"Ngoja. Bomba halitoi maji tangu asubuhi, likifunguliwa linakohoa tu. Nikachota kwenye pipa lako ulilonielekeza. Nikayaonja kwa kidole: chumvi tupu! Nikasema, mkwe wangu ni mtu wa mipango, ameshanikorogea na maji ya kumlowekea. Basi nikajaza beseni nikamtia humo, aingie chumvi kwanza mpaka mifupani, ndipo nimkate." Akainama, akaliondoa sinia, akashusha sauti. "Lakini tazama mwenyewe. Kila nikija kumwangalia, anazidi kuchangamka. Samaki gani huyu, baba, ambaye akitiwa chumvi anafufuka?"

Ndani ya beseni, katika maji safi yenye chumvi ya bahari na joto linalofaa, chewa alikuwa ametua chini, mashavu yake yakipumua kwa utulivu, madoa yake meusi ti, akimtazama fundi kwa jicho moja.

Fundi alijaribu kusema, na katika kutafuta neno la adabu la kuanzia, mama alikuwa ameshachukua kisu.

"Sasa nadhani ametosha. Wageni wasikute tumekaa tu."

"Mama, usimguse!"

Sauti ilijaa jiko zima, kitunguu kikaungua peke yake. Fundi alishtuka kuliko mama. Alikuwa amemwamuru. Alitamani sakafu imfunike, akaanza, "Samahani sana, mama, nilikuwa na maana kwamba, kama hutaona..."

"Koma hapo hapo," alisema mama, akakiweka kisu chini. "Usilirudishie nguo neno lililokwisha kuvuliwa. Kumbe hukutaka aliwe?"

"Sikutaka, mama. Kumtia chumvi maana yake kumwekea maji. Wageni wanakuja kumchukua, aende akaishi bwawani."

Mama alivuta kigoda, akaketi kando ya beseni. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na maji, na hayakuwa ya vitunguu peke yake.

"Mimi nilidhani umenichinjia kipenzi chako. Nikasema, kijana huyu kumbe ananipenda kiasi hiki, nitamkataliaje? Nimekwenda chumbani na kurudi sijui mara ngapi. Nakinoa kisu, nakiweka. Nakwambia kweli, baba, hiyo habari ya aingie chumvi ilikuwa kisingizio. Chumvi ilishaingia zamani."

Na hivyo ikadhihirika kwamba samaki yule hakukaribia kufa kwa uadui wa yeyote, bali kwa heshima: mmoja hakuthubutu kuamuru, mwingine hakuthubutu kukataa, naye katikati yao akangojea ndani ya beseni.

Mtunza bwawa alipofika na tangi lake la kusafirishia, aliwakuta wote wawili wamechuchumaa, fundi akipuliza hewa majini kwa pampu ndogo ya betri, mama akimzuia samaki asigonge ukingo kwa kiganja chake.

"Aa! Mmeshamtoa!" alisema kwa furaha. "Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikinitia hofu. Wengi hufia hapo, kwenye kukamatwa, kwa vurugu. Nani kamtoa kwa upole namna hii?"

Fundi na mama mkwe hawakutazamana.

"Mpishi," alijibu mama.

Samaki akaenda. Mkunga aliporudi kutoka zamuni alikuta chakula cha vitunguu vilivyoungua na mayai, maana Mama Mayai, aliyeelekezwa nyumba kule jengoni, alikuwa amepita kuulizia, akaacha yale yaliyopata nyufa. Alisimuliwa kisa chote na mama yake, kisha akasimuliwa upya na mumewe, naye akawaambia wote wawili kwamba wanatia chumvi.

Asubuhi fundi hakuwa na utulivu. Alilizunguka tangi tupu ambalo pampu yake hakuweza kujilazimisha kuizima, akaenda dirishani, akarudi. Mtunza bwawa alikuwa amemwambia kwamba samaki wa aina ile akihamishwa, kazi iko kwenye kula: akila, amepona; asipokula, basi. Fundi akapiga simu, na mama mkwe akatoka jikoni, akasimama karibu, mkono wake ukiwa na unga.

"Vipi? Amekula?"

"Hajala," alisema fundi, akiwa ameishusha simu. Goti lilikuwa likicheza. "Anasema yuko nyuma ya jiwe, anachungulia."

"Na hajaliwa?"

"Hajaliwa, mama."

Mama akafikiri. "Basi, mwanangu, kama hajaliwa, amejaliwa. Hayo mengine ni ya Mungu." Akalitazama goti lile, vikombe vikilia juu ya visahani, na akafanya jambo ambalo juzi asingelifanya. "Tulia."

Fundi akatulia, kadiri alivyoweza. Kisha akasimama, akachukua ufunguo wake.

"Unakwenda wapi?"

"Bwawani, mama. Mtunza bwawa ni mtu wa haraka haraka, nimemsikia anavyozungumza. Huyo samaki anataka mtu wa kukaa."

"Ningoje ninawe mikono," alisema mama mkwe. "Na kile kiti chako kibebe."